Pikipiki ya mdogo wangu na lita moja ya oili

Na Mwandishi Wetu, Leicester

SIMU inayolia saa nane za usiku haimpi raha mtu anayeishi mbali na kwao. Ilipolia yangu, Septemba 2019, niliruka kitandani nikijua ni msiba. Kumbe alikuwa mdogo wangu, anapiga kutoka Mombo, mkoani Tanga. Kule ilikuwa saa kumi alfajiri na alikuwa hajalala.

"Shikamoo kaka. Pikipiki imekufa."

Hata hiyo shikamoo sikuiitikia.

Pikipiki hiyo niliinunua mimi mwezi Februari mwaka huohuo. Niliinunua kwa fedha za zamu za usiku, kupanga maboksi katika ghala moja hapa Uingereza, kazi ambayo hakuna aliyenisomesha chuo kikuu ili niifanye. Lakini sisi ambao kalamu zetu zilitutoa nyumbani tunafanya iliyopo. Wenzetu wengine husubiri Krismasi wakapanda ndege kwenda kukagua nyumba wanazojenga na biashara walizofungua. Mimi safari hiyo sina. Mali yangu ya nyumbani naiona kwa macho ya watu wengine.

Mpango ulikuwa mwepisi. Mdogo wangu abebe abiria na mizigo kati ya Mombo, Soni na Lushoto. Sehemu ya hesabu ya kila siku iende kwa mama, anunue dawa zake za presha na alipe ada za watoto wawili wa marehemu dada yetu. Inayobaki iwe ya dereva. Kwa miezi saba ulikwenda vizuri, mpaka usiku ule.

Nilimwuliza injini ameiuza shilingi ngapi.

Alinyamaza kidogo, kisha akakata simu. Hatukusemezana kwa wiki tatu.

Ndugu msomaji, najua wengi wenu mlioko Muscat, Dubai, London, Minneapolis na kwingineko mna hadithi inayofanana na hii. Umetuma fedha, kimenunuliwa chombo, chombo kimekufa kabla hakijarudisha gharama yake, na undugu nao umeingia ufa. Naandika makala haya kwa sababu baadaye niligundua kwamba mdogo wangu hakuuza kitu. Kilichoua injini yetu ni upungufu wa oili ambao yeye alikuwa akiupima kila Jumapili, na kila Jumapili kipimo kikimdanganya.

Mzee wa Mombasa na picha tatu

Fundi wa Mombo aliifungua injini na kunitumia picha tatu kwa simu. Mimi sikuona humo ila chuma cheusi. Nikazipeleka kwa mzee mmoja wa Mombasa tunayesali naye hapa mjini, ambaye ameshika spana za pikipiki tangu miaka ya 1980.

Alivaa miwani, akazitazama moja moja. Pistoni ilikuwa imekwaruzika ubavuni. Ukuta wa silinda ulikuwa na michirizi kama umepigwa msasa. Mkono unaounganisha pistoni na krenki ulikuwa umegeuka rangi ya buluu pale unaposhikana na krenki, dalili ya chuma kilichopata moto uliopita kiasi. Fundi aliandika kwamba alipofungua nati ya chini kumwaga oili, ilitoka kama kikombe kimoja cha chai.

"Injini hii hapana mtu aliyeiba kitu, bwana," mzee akaniambia. "Imekufa kwa kiu. Nduguyo hupima oili?"

"Anasema hupima kila Jumapili."

"Hupima vipi?"

Sikuwa na jibu. Ilibidi niimeze aibu na kumpigia simu. Nilimwomba radhi kwanza, halafu nikamwuliza. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi aulizwe: anaiweka pikipiki kwenye stendi kubwa mahali pa tambarare, anafungua mfuniko wenye kijiti, anakifuta kwa kitambaa safi, anakirudisha na kukikaza, anakitoa tena na kusoma. Siku zote oili ilikuwa kati ya alama mbili.

Mzee, aliyekuwa akisikiliza kwenye spika, akainua kidole. "Hapo aliposema kukaza. Hapo ndipo."

Kwenye injini nyingi za aina ile, kijiti hakikazwi wakati wa kupima. Unakichovya tu, mfuniko ukae juu ya mdomo wa tundu, kisha unakitoa na kusoma. Ukikikaza kinazama zaidi kwa urefu wote wa zile nyuzi za mfuniko. Alama zenyewe zimeachana kidogo sana, hivyo hatua hiyo ya ziada inatosha kuonyesha oili iko sawa wakati iko chini ya mpaka wa mwisho. Mdogo wangu alikuwa mwangalifu kuliko wenzake wengi wa kijiweni. Alikosea jambo moja, nalo hakuna aliyemwonyesha. Kitabu cha pikipiki kilikuwa cha Kiingereza, na kilibaki kwenye mfuko wake wa plastiki chini ya kiti.

Injini ilikuwa nakala ya Kichina ya injini ya Honda CG125, ambayo ina historia yake. Katika miaka ya 1970 Honda waliona kwamba pikipiki zao za CB125, ambazo kamshafti yake iko juu kwenye kichwa cha injini, zilikuwa zikichakaa mapema katika nchi ambazo watu hubeba mizigo mizito na hawabadilishi oili kwa wakati. Wakabuni CG125, ambayo kamshafti imeshushwa chini karibu na krenki, ili istahimili matunzo hafifu. Uvumilivu huo ndio uliofanya nakala zake zienee Asia, Afrika na Amerika Kusini. Kwa maneno mengine, injini iliyobuniwa kusamehe ndiyo iliyotushinda sisi. Inasamehe oili iliyochelewa kubadilishwa. Oili isiyokuwamo haiwezi kuisamehe.

Lita moja, kazi nne

Wengi tunafikiri oili ya pikipiki ni kama ya gari. Kuna tofauti ambayo mwenye chombo lazima aijue.

Injini ya gari dogo hubeba oili ya lita tatu na nusu, nne au zaidi, na giaboksi ina oili yake peke yake. Bodaboda ya CC 100 hadi 150 hubeba lita moja tu, ikizidi au kupungua kidogo, na hiyo hiyo moja inafanya kila kitu. Inalainisha pistoni na krenki. Inalainisha gia. Inaogesha klachi, maana klachi ya pikipiki hizi imo ndani ya oili. Na inapoza, kwa kuwa pikipiki hizi hazina rejeta ya maji. Joto hutolewa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, na pamoja nao oili inayolibeba joto kutoka ndani.

Sasa fanya hesabu. Gari la lita nne likipoteza robo lita, limepoteza sehemu moja ya kumi na sita. Pikipiki ya lita moja ikipoteza robo lita, imepoteza sehemu moja ya nne. Oili iliyobaki inazunguka haraka zaidi, inapata moto zaidi, inakuwa nyepesi na kuchafuka upesi.

Anayeijua barabara ya Mombo kwenda Lushoto ataelewa kilichofuata. Ni kilometa thelathini na ushee za kona na mlima, ukuta wa jiwe upande mmoja na bonde upande wa pili. Pikipiki inapanda na gia ya pili, nyuma kuna abiria, mara nyingine mshikaki wa watu wawili. Injini inafanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, kwa hiyo upepo wa kuipoza hautoshi. Juu ya hayo injini imeinama, na oili kidogo iliyomo inakimbilia nyuma. Ikiwa chini ya kiwango, pampu inaweza kunyonya hewa badala ya oili. Hapo chuma husaga chuma. Na bodaboda nyingi hazina taa ya kuonya. Dereva anaanza kusikia mlio mpya, injini inakosa nguvu, kisha inajifunga. Kwa mdogo wangu ilijifunga kabla ya Soni, akishuka na magunia ya kabichi. Ashukuriwe Mungu hakuanguka.

Kupima kunavyotakiwa

Mzee alimfundisha mdogo wangu kwa simu, nami nikaandika. Nayaweka hapa kwa ajili ya kila mwenye ndugu anayeendesha.

Kwanza, iwe mahali pa tambarare. Washa injini iungurume bila kukimbia kwa dakika tatu hadi tano, kisha izime. Subiri dakika mbili au tatu ili oili iliyopanda juu irudi chini. Ukipima mara tu baada ya kuzima, kipimo kitaonyesha pungufu.

Pili, pikipiki isimame wima, kwenye stendi kubwa au ishikwe na mtu. Stendi ndogo ya pembeni huilaza kushoto, na oili yote inakimbilia huko. Pikipiki zenye kioo cha kutazamia oili upande wa kulia zitaonekana hazina kitu. Mtu anaongeza, kesho anaongeza tena, kumbe anafurisha.

Tatu, kama ni ya kijiti, safisha kwanza eneo la mfuniko ili mchanga usiingie. Fungua, futa kijiti, kichovye bila kukikaza, kitoe usome. Zipo pikipiki chache ambazo mtengenezaji anataka kijiti kikazwe. Ndiyo maana kitabu lazima kisomwe mara moja, hata ikibidi mtoto wa sekondari awasomee wakubwa. Kama ni ya kioo, kifute na utazame mistari miwili. Oili inatakiwa iwe katikati ya mistari hiyo, au karibu na wa juu bila kuupita.

Nne, ikiwa pungufu ongeza kidogo kidogo, vifuniko viwili vitatu vya chupa, subiri ishuke, pima tena. Usimimine chupa nzima kwa kukadiria.

Tano, kabla ya kuondoka tazama chini ya injini. Tone moja la usiku kucha halishtui mtu, lakini kwa mwezi linageuka kikombe. Nati ya kumwagia isiyokazwa sawasawa na sili iliyochoka ndizo za kwanza kushukiwa. Kama hakuna tone na oili bado inapungua, injini inaiunguza yenyewe. Utaona moshi wa buluu kwenye ekzosi. Huo ni ujumbe kwamba ringi zimeanza kuisha.

Rangi nayo inasema. Oili kuwa nyeusi peke yake si ugonjwa, ni dalili kwamba inabeba uchafu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Jambo hili hutokea kwa wanaokatisha kwenye mafuriko wakati wa masika. Hiyo imwagwe siku ileile. Ukiona chembe zinazong'aa, peleka kwa fundi kabla ya safari nyingine.

Kuzidi nako ni hasara

Baada ya kuogopa upungufu, wengi hukimbilia upande wa pili. Nilipomwambia mdogo wangu, "Basi jaza mpaka juu, tuwe na amani," mzee alinikata kauli.

Oili ikizidi, krenki huipiga kama mtu anayekoroga mayai. Inatoka povu, na povu halilainishi chuma vizuri kwa sababu limejaa hewa. Shinikizo huongezeka ndani ya injini, likasukuma oili kwenye sili mpaka zivuje, au likaipandisha kwenye bomba la kupumulia hadi kwenye filta ya hewa. Filta inalowa, plagi inachafuka, moshi unatoka. Dereva anaambiwa ringi zimekwisha, anafungua injini nzima, kumbe ugonjwa ulikuwa oili ya ziada. Ikiwa imezidi, dawa ni kuipunguza mpaka irudi kati ya alama.

Na aina ya oili je? Fuata kitabu, nambari na herufi. Pikipiki nyingi za huko kwetu huelekezwa 20W-50 au 10W-30 kulingana na mtengenezaji. Kwa sababu klachi imo ndani ya oili hiyohiyo, tafuta chupa yenye maandishi JASO MA au MA2, kipimo cha Kijapani kwa pikipiki za namna hiyo. Baadhi ya oili za magari zinazosifiwa kwa kupunguza matumizi ya petroli huwa na dawa ya utelezi inayoweza kuifanya klachi iteleze. Kagua pia kizibo: chupa ambayo mfuniko wake umeshafunguliwa usiinunue hata ikiwa bei ni ya kutupa.

Hesabu bila kilometa

Kosa la pili lilikuwa la kwangu zaidi kuliko la mdogo wangu. Nilimwambia amwage oili kila miezi mitatu, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya marehemu baba na pikipiki yake ya kwendea shamba. Sikufikiri kwamba baba alikuwa akienda kilometa kumi kwa siku.

Bodaboda inayotembea kilometa 90 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inafika kilometa 2,340. Kwa miezi mitatu ni kama 7,000. Injini mpya hutakiwa kumwagwa oili ya kwanza mapema sana, mara nyingi kati ya kilometa 500 na 1,000 kadiri kitabu kinavyoagiza, kwa sababu vyuma vipya vinasagana na kuacha unga. Sisi oili ya kwanza tuliiacha mpaka mwezi wa tatu. Kuanzia hapo kila kilichofuata kilikuwa deni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tulikuwa nalo, tena la jalada gumu. Liliandikwa hesabu ya kila siku, shilingi kwa shilingi. Halikuwa na mstari hata mmoja wa kilometa wala wa oili. Kila jioni nilipiga simu kuuliza, "Leo umepata ngapi?" Siku mia mbili na zaidi, sikuuliza hata mara moja, "Leo oili iko wapi?"

Nimezungumza na wenzangu wengi wenye vyombo nyumbani, na tatizo ni hilohilo. Kwa utaratibu wa hesabu ya siku, dereva huona matengenezo ni ya tajiri, na tajiri yuko ng'ambo. Kwa utaratibu wa mkataba, ambapo chombo kinakuwa cha dereva akimaliza malipo, tajiri huona matengenezo ni ya dereva, na dereva anakimbizana na malipo. Katikati ya wawili hao oili haina mwenyewe. Mnaokubaliana leo, liandikeni hilo mwanzoni: nani ananunua oili, imwagwe kilometa ngapi, na nani anatazama kiwango kila asubuhi. Fedha ya oili itolewe kabla ya hesabu haijagawanywa, kama petroli inavyotolewa.

Mama ndiye aliyenimaliza. Nilipompigia kumweleza kilichotokea, alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, pikipiki ulimpa mdogo wako. Maelezo ulimpa nani?"

Ilitugharimu silinda mpya, pistoni, ringi, krenki na miezi minne bila kipato. Ada za watoto nilizilipa kwa kukopa hapa. Injini iliyofufuliwa ilisogea mpaka mwaka 2022, kisha tukaiuza na kuongeza fedha tukanunua nyingine, hii ina kioo. Kabla haijabeba abiria wa kwanza, mdogo wangu alikaa na mtoto wa dada aliye kidato cha tatu wakakisoma kitabu ukurasa kwa ukurasa. Daftari sasa lina safu tatu: fedha, kilometa, oili.

Kila Jumatatu asubuhi ananitumia picha ya kioo kwa simu. Wiki iliyopita ilifika nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku. Nilitazama, nikaona oili iko chini kabisa. Moyo ukapiga. Nikamwandikia haraka: ongeza oili sasa hivi, usiondoke hapo.

Akajibu baada ya dakika moja: "Kaka, tulia. Hapo imeegemea stendi ndogo. Ngoja niisimamishe."

Picha ya pili ikaja. Ilikuwa katikati ya mistari.